Saa ya Fisi

“Ulikuwa wapi saa sita usiku?”

Mwenyekiti Nyamhanga alimuuliza mama mkwe wangu, Robi, mbele ya kijiji kizima. Watu walianza kuokota mawe kabla hajajibu.

Ilikuwa mwaka 1974, miezi mitatu tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa, Bugwema. Nyumba zetu za zamani zilichomwa, na kurudi huko kulikuwa marufuku. Tulipangwa mistari kama mahindi, watu tusiojuana, kila mmoja akimhofia jirani yake. Mvua ikagoma. Surua ikaanza kuua watoto. Ndipo mlinzi mmoja akasema amemwona Robi akipita usiku wa manane, kikapu kichwani.

Kwetu hiyo ni saa ya fisi. Ukiitwa jina, huitiki. Anayetembea saa hiyo, wazee walisema, fisi ndiye punda wake, na mzigo wake ni nyama ya mtu.

Mzigo wake mimi niliujua. Niliumenya gizani, mlango umekomewa. Ulikuwa muhogo wa shamba letu la zamani. Mama mkwe alitembea maili sita kwenda kuuchimba ili wanangu wasilale njaa. Lakini mume wangu, Magesa, mwanawe wa pekee, alikuwa balozi wa nyumba kumi. Wiki iliyotangulia, balozi mwingine alipelekwa mahabusu Musoma kwa sababu mkewe alirudi kwenye mahame yao.

Nilifungua mdomo. Mama akanitazama kwa jicho kavu. Nikaufunga.

“Nilikuwaga na fisi wangu,” akasema. “Mnataka nini tena?”

Jiwe la kwanza lilirushwa na mwanamke ambaye mama ndiye aliyemzalisha. Magesa alisimama kando ya mwenyekiti, mikono nyuma. Walimfukuza mama hadi ng'ambo ya mto, akichechemea, damu ikimtoka sikioni. Hakugeuka. Alifia kwa dada yake, kijijini Kiriba, kabla mwezi haujaisha.

Jioni ya siku aliyofukuzwa nilimwambia Magesa, “Ungesema neno moja tu.”

“Na wewe?” alijibu. “Mdomo wako ulikuwa wapi?”

Baadaye wanawake wakaanza kunipisha kisimani. Walinong'ona kwamba Robi hakuondoka na uchawi wake, alimwachia mkwewe. Sikukanusha. Miaka kumi na moja nilichota maji wa kwanza, taratibu, nao wakisubiri juani na ndoo zao.