Viganja vya Ngedere

Katika kiwanda kile cha vitambaa hapakuwa na saa ukutani. Vioo vya paani vilitosha. Asubuhi mwanga ulishukia mitambo, ukatambaa sakafuni kutwa nzima, na ulipogusa nguzo ya mlangoni wafumaji walizima mitambo wakaenda zao. Ndivyo kazi ilivyokoma tangu enzi za babu zao.

Tajiri mpya akataka vioo vipakwe lami. Alisema jua linachujua vitambaa, hakuna aliyedanganyika. Mfumaji mmoja, mwanamke mwenye ulimi usio na breki, aliwakusanya wenzake wakaapa kwamba hapandi mtu paani. Mumewe, fundi wa paa waliyemwita Ngedere, aliapa kwa sauti kuliko wote.

Jumatatu walikuta giza na harufu ya lami mbichi. Ngedere aliingia mikono mifukoni. Alipoitoa, mwanga wote wa paani ulikuwa viganjani mwake, mweupe, wa kutosha kutunga uzi kwenye sindano.

"Kumbe ni wewe," mkewe alisema.

"Nimeahidiwa usimamizi. Ningefanyaje, mama watoto?"

"Ungebaki chini."

Mikono haikumshangaza mtu. Mwanga ukizibiwa huku, lazima utokee kule. Wakambandika jina jipya, Karabai, na maisha yakaendelea. Kilichowauma ni kiapo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wafumaji, na nguo zenyewe alikuwa akizifua mkewe. Aliona aibu.

Tajiri akamjengea Karabai jukwaa katikati ya ukumbi, asimame viganja wazi. Watu wakafuma. Ila mwanga ule haukutembea, wala haukuchwa. Nje jua lilizama, watoto wakalala bila kumwona mama, na nguzo ya mlangoni haikuguswa na kitu.

Siku moja mkewe aliacha mtambo, akaenda hadi jukwaani. Miguu ilikuwa imemvimba.

"Baba watoto, fumba mikono. Kidogo tu, watu waende nyumbani."

Karabai alimtazama kwa huruma. Alimpenda, na hata siku ile mkewe hakulitilia shaka hilo. Kisha akainua macho kwenye dirisha la ofisi ya tajiri, akageuza viganja taratibu, akaumulika vizuri mtambo wa mkewe.

Mwanamke akarudi mahali pake. Uzi uliokatika ulionekana waziwazi, akaufunga.