Ukoka wa Kiwanja cha Nyuma

Jumamosi asubuhi, kabla ya mechi ya kwanza, wazazi wa timu ya wasichana waliokota mawe. Ndiyo ilikuwa kawaida yao. Kiwanja cha mbele, chenye majukwaa na nyavu golini, kilikuwa cha wavulana. Wasichana walipewa kile cha nyuma, kati ya ukuta wa ghala na matangi ya maji, nacho kusema kweli hakikuwa kiwanja, kilikuwa kokoto zilizosawazishwa na mtu mwenye haraka zake. Basi wazazi walijipanga mstari kuanzia goli moja, wameinama, kila mmoja na ndoo yake, wakasogea polepole hadi goli la pili huku wakipiga soga. Aliyekuja na viatu vya kutokea alitaniwa mpaka akavivua.

Mama Sindano alikuja na ndoo ya gundi, kwa sababu alikuwa fundi wa makochi na ndoo nyingine hakuwa nayo. Jina la Sindano binti yake alipewa na kocha, kwa vile alikuwa mwembamba na alipenya popote, na mama naye akaburutwa humo humo. Karakanani alikuwa Fundi, kiwanjani Mama Sindano, na hakuficha kwamba la kiwanjani alilipenda zaidi. Vikinga vya ugoko vya timu nzima alivishona yeye, kwa sponji na mabaki ya mahameli ya rangi ya damu ya mzee. Kwa sababu hiyo timu nyingine ziliwaita Timu ya Sebuleni. Wasichana walilichukua jina hilo wakaanza kulishangilia wenyewe, na utani ukawafia waliouanzisha.

Mechi ilianza. Baada ya kona ya kwanza, nyasi zilianza kuota.

Zilichomoza pale pale mguu ulipopita. Msichana akikimbia, nyuma yake kokoto zilijisogeza kidogo na ukoka ukatoka, mfupi, wa kijani kibichi, kama vile ulikuwa umekaa chini unangoja kuitwa. Aliyetembea hakuotesha kitu. Aliyekimbia aliotesha, na aliyekimbia sana aliotesha nzito, wa timu hii na wa timu ile sawasawa. Baba Kipa, kinyozi ambaye binti yake alidaka golini, alizitazama akasema ni ile mvua ya juzi. Juzi haikunyesha, lakini hakuna aliyebishana naye kwa sababu Sindano alikuwa na mpira.

Kufikia mchana ungeweza kuisoma mechi yote chini. Pembeni kulia, njia ya Sindano, ukoka ulifika kwenye vifundo vya miguu. Katikati palipendeza. Mbele ya goli la Timu ya Sebuleni palikuwa na kipara.

"Mwone binti yangu," Baba Kipa alilalamika. "Mabeki wenu wanamnyima kazi. Hata jani moja hana."

"Mwambie arukeruke," alisema Mama Sindano.

"Nimemwambia. Anasema anaona aibu."

Mama Sindano alijiuliza kwa nini nyumbani haikuwa hivyo, maana huyo mtoto alikimbia kutwa nzima kutoka chumbani hadi jikoni na sakafu haikuwahi kuota kitu. Akaamua kwamba lazima mpira uwepo. Hapo alitosheka, akarudi kuangalia mechi.

Kitu kimoja tu alikuwa akikiogopa siku zote, nacho ni kuanguka. Mapaja ya Sindano yalikuwa na magamba ya vidonda vya kokoto, kimoja kikipona kingine kinafunguka, na kila Jumapili jioni mama alimkalisha kwenye kigoda, akamwosha kwa maji ya chumvi huku mtoto akiuma taulo ili asipige kelele. Hakuwahi kusema anataka kuacha mpira. Alisema tu kwamba siku moja angependa kuanguka bila kutoka damu, ajue inakuwaje. Alisema hivyo kama watoto wengine wanavyosema wangependa kupanda ndege.

Kwenye mechi ya tatu beki mmoja alimfagia miguu. Sindano alipaa, na mama yake akafumba macho, akisubiri ule mkwaruzo anaoujua. Hakusikia kitu. Alipofumbua, mtoto alikuwa amekaa kwenye nyasi, anajikagua paja. Aligeuza mguu upande huu, akaugeuza upande ule. Kisha akamtafuta mama yake kandoni na kumwonyesha dole gumba.

Mama Sindano alilia. Aliwaambia wenzake ni vumbi, wakakubali, ingawa vumbi lilikuwa limekwisha tangu mechi ya pili.

Na hapo ndipo alipojipalia makaa. Furaha ilimjaa, akaona haiwezekani jambo kama hili liwe la wazazi wachache na ukuta wa ghala. Alivuka mpaka kiwanja cha mbele, akamtafuta Mratibu wa mashindano, akampata chini ya mwavuli. Mratibu alivaa filimbi shingoni ingawa hakuwa refa.

"Njoo uone mambo ya watoto wetu," alimwambia. "Njoo, utafurahi."

Mratibu alikuja. Alivua viatu na soksi, akakunja suruali, akatembea pekupeku kutoka kona hadi katikati. Akafumba macho.

"Wameotesha wasichana hizi?"

"Wenyewe. Kwa kukimbia tu."

"Hongera zao. Na wewe hongera, mama. Umefanya vizuri sana kuniambia."

Akamwita bwana wa chokaa, mtu mrefu asiyesema sana ambaye kazi yake ilikuwa kuchora mistari, naye akaja na toroli, kamba na tabasamu dogo. Kabla ya nusu fainali kiwanja cha nyuma kilikuwa na mistari iliyonyooka na nyavu mpya golini. Mama Sindano aliwaambia wazazi wote kwamba nyavu hizo zimetokana na yeye. Timu ya Sebuleni ilishinda nusu fainali hiyo, na jioni Sindano alilala mapema bila kuoshwa kidonda hata kimoja. Fainali ilikuwa kesho. Alimwomba mama ahakikishe hawachelewi, kwa sababu alitaka kuanguka mara nyingi iwezekanavyo.

Jumapili walipofika, wavulana walikuwa wanapasha misuli kwenye ukoka.

Walikuwa wavulana wazuri tu, wakiitana kwa furaha. Kwenye ukuta wa ghala palibandikwa kibao kipya kilichosema Kiwanja Kikuu. Majukwaa yalikuwa yamehamishwa, na mwavuli pia. Kibao kingine chenye mshale kiliwaelekeza wasichana nyuma ya matangi ya maji, mahali malori yalipogeuzia, palipokuwa na kokoto kubwa kuliko zile za jana na madoa ya oili.

Sindano alikisoma kibao. Alikisoma tena. Akakaa chini na kuanza kufunga vikinga vyake vya mahameli, na mama yake akaona ni heri angelia.

Alimkuta Mratibu anakunywa chai.

"Ndugu yangu, kile kiwanja ni cha watoto wetu."

"Mama Sindano! Karibu. Hapana, kile ni cha mashindano. Nyasi ni za wote."

"Jana kokoto zilikuwa za nani?"

Mratibu alicheka vizuri, bila chuki. "Mama, tusiingize siasa kwenye mpira. Fikiria kidogo. Kiwanja cha mbele kimechakaa, wavulana wamekilima. Wao hawaoteshi, tumejaribu. Wenu hata ukiwaweka juu ya lami zitaota. Sasa nani apewe zilizokwisha kuota?" Alimsogezea kiti. "Kunywa chai."

Hoja ilikuwa imenyooka kiasi kwamba Mama Sindano alikosa pa kuishika. Hakunywa chai. Alirudi huku mashavu yanamwaka moto, maana alijua ni nani aliyemwita mtu huyu aje avue soksi.

Kocha alikuwa amechuchumaa anamfunga msichana mmoja kamba za njumu. Siku za wiki alikuwa msoma mita za maji, mwanamke wa maneno machache.

"Kocha, umekubali hivi hivi?"

"Kile cha mbele, unakijua?" alisema Kocha, bado anafunga. "Zamani kilikuwa mawe matupu. Nilikiotesha mimi na wenzangu. Tukahamishiwa nyuma ya ukuta."

"Na hukusema?"

"Nilisema. Nilikuwa na miaka kumi na miwili." Akakaza fundo, akampiga msichana kofi dogo mguuni. "Haya, wewe tayari."

Mama Sindano alisimama pale, ndoo mkononi. Kisha wakaokota mawe. Hasira ni hasira, lakini goti la mtoto ni goti la mtoto, na wazazi wa timu ya njano, waliokuwa wapinzani, wakaja na ndoo zao wakaanzia goli la upande wao. Walikutana katikati. Hapo, migongo ikiwa imepinda, ndipo Mama Sindano alipotoa wazo lake.

"Wasikimbie," alisema.

"Nani?"

"Watoto. Watembee. Mechi nzima watembee. Isiote hata moja, tuone kesho watamhamishia nani wapi."

Wazazi walinyooka. Walitazamana. Baba Kipa alisema kwa upande wake binti yake ana uzoefu mkubwa wa kusimama tu. Mama mmoja wa njano alisema ni kweli kabisa, wacha wale hasara, wamezoea. Hakuna aliyepinga. Wakawaita watoto, wakawaeleza, na watoto wakasikiliza wakiwa wameangalia chini, kama wanavyosikiliza habari ya kumeza dawa.

"Mama," Sindano aliuliza, "na mpira ukija?"

"Unautembelea."

"Sawa."

"Tumeelewana?"

"Nimesema sawa, mama."

Fainali ikaanza, na haijawahi kuchezwa mechi ya adabu kama ile. Wasichana walitembea. Walipasiana mpira kama watu wanaopokezana mtoto aliyelala. Wa njano alimsubiri wa Sebuleni afike, akamwachia, akamshukuru. Refa aliangalia saa yake, akaitikisa, akaiangalia tena. Kokoto zilikaa kokoto. Kutoka upande wa pili wa matangi zilisikika kelele za majukwaa, na kila zilipopanda, wasichana waligeuza vichwa wote kwa pamoja, kisha wakavirudisha.

Bwana wa chokaa alikuwa ameshakuja na toroli lake. Alisimama kwenye pembe, hana haraka, amekunja mguu mmoja. Mratibu naye alipita, akatazama chini, akatazama wazazi, akaondoka. Mama Sindano alimsindikiza kwa macho. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kujisikia vizuri, na akamkonyeza Baba Kipa.

Kipindi cha pili kilikuwa kimefika katikati. Beki mmoja wa njano alitaka kumpasia mwenzake, na kwa kuwa kutembea kulikuwa kumemchosha kuliko kukimbia, aliukosea mpira. Ukamtoka nje ya mguu. Ukajiviringisha peke yake pembeni kulia, mbele peupe kabisa mpaka golini, na mtu aliyekuwa karibu nao kuliko wote ni Sindano.

Aliutazama. Halafu akageuka, akamtazama mama yake.

Mama Sindano alijua kazi yake. Mikono alikuwa ameshaikunja kifuani na uso ameshautayarisha, amebakiza tu kutikisa kichwa. Kila mzazi pale kandoni alikuwa anamwangalia yeye, maana wazo lilikuwa lake. Na yeye alimwangalia mtoto. Alimwona amesimama kwa ncha za vidole, mabega yameshaelekea mbele, amejizuia kwa nguvu zake zote kwa sababu mama amesema. Jinsi alivyokuwa mtiifu, hicho ndicho kilichomuuma.

"Kimbia!" ilimtoka, na sauti ikapasuka. "Kimbia, mwanangu! Unangoja nini? Kimbia!"

Sindano akakimbia. Wa njano wakamkimbilia, wa Sebuleni wakamfuata, makipa wote wawili wakaanza kurukaruka golini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wasichana walipiga kelele. Nyuma yao ukoka ulitoka mzito, ukajaza pembeni yote, ukaziba madoa ya oili. Kandoni wazazi walikuwa wameshasahau kila kitu. Baba Kipa alipanda juu ya ndoo yake, Kocha alikuwa anapiga makofi huku machozi yanamtiririka na wala hayafuti, na Mama Sindano alikuwa anakimbia naye sambamba na mstari, kiatu kimoja kimemtoka, bado anapaza sauti ileile.

Kwenye pembe, bwana wa chokaa alitoa kamba mfukoni. Aliangalia nyasi zilipofikia, akachomeka kijiti, akaanza kupima.