Njia ya Ndege Juu ya Mweso

Siku ya tatu ya mazungumzo, wakubwa wote waliokusanyika kwenye ukumbi wa parokia pale Walikale walikuwa wameshindwa na maneno mawili. Moja lilikuwa "kuarifu". La pili lilikuwa "kuomba ruhusa". Na yote mawili yalipita katika kinywa cha Myriam Muhawenimana, huku na huku, mpaka ulimi ukamkauka.

Myriam alikuwa mwalimu wa Kifaransa, mzaliwa wa vilima vya Masisi, kwa watu wa maharage na mihogo. Vita vilimtoa kwao angali msichana. Yeye na mama yake walitembea siku sita msituni hadi Walikale, na baadaye akaishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi Uganda, ambako alijifunza Kiingereza. Ndiyo sababu aliitwa. Koloneli Nestor, aliyeongea kwa niaba ya serikali, hakujua Kiingereza. Jenerali wa nchi rafiki, ambaye askari wake walikuwa wamepigana bega kwa bega na jeshi la Congo, hakujua Kifaransa.

Amani ilikuwa imesainiwa miezi minne iliyopita. Sasa Jenerali alitaka kurudisha watu wake kwao, pamoja na silaha na magari yao, kwa ndege za kijeshi zitakazotoka Walikale, zipite juu ya Masisi na kuelekea mashariki. Ndege chache zilikuwa zimekwisha kuanza kupita, kwa makubaliano ya mdomo tu. Mkataba wenyewe ndio uliogoma.

"Tutawaarifu kila tunaporuka," Jenerali alisema. "Inatosha."

Myriam alifasiri. Koloneli Nestor akatikisa kichwa.

"Mwambie hivi, Mama Myriam. Anga ni ya Congo. Hata rafiki, akifika kwako, anapiga hodi na kungoja mwenye nyumba amjibu. Aombe ruhusa kwa kila ndege."

Myriam alipoyafikisha maneno hayo, Jenerali aliisukuma kando ramani iliyokuwa mezani. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mvi fupi, asiyepandisha sauti.

"Nimezika vijana mia moja na kumi katika vilima hivi," alisema. "Walikufa wakimlinda mwenye nyumba. Leo niombe ruhusa ya kuwarudisha wenzao kwa mama zao?"

Myriam aliyafasiri. Alipomaliza, aliona Koloneli ameinamisha macho mezani. Kila mmoja wao alikuwa na haki, na hilo lilimtisha kuliko kama mmoja angekuwa mwongo. Hakuwahi kufikiri kwamba neno moja linaweza kuwa zito kiasi hicho, na kwamba watu wazima wenye nyota mabegani wangeweza kulizunguka siku tatu bila kuweza kuliinua.

Jenerali ndiye aliyesimama kwanza. "Tumeitazama ramani hii mpaka imechakaa," alisema. "Twende tuione njia yenyewe kwa macho."

Asubuhi iliyofuata walipanda helikopta ya nchi rafiki: Jenerali, Koloneli, rubani na Myriam. Myriam hakuwa amewahi kupanda chombo cha angani maishani mwake. Kilipojivuta kutoka ardhini alifumba macho, akashika mkanda kwa mikono miwili na kuanza Baba Yetu kimoyomoyo. Alipoyafumbua, Walikale ilikuwa imekwisha kupotea.

Chini palikuwa na msitu tu. Haukuwa na mwanzo wala mwisho, wenye ukungu mabondeni, na mto ukijitokeza hapa na pale ukimeta juani. Upande wa Omate aliona makovu ya manjano ya machimbo ya dhahabu na turubai za wachimbaji. Kisha ardhi ikaanza kupanda, miti ikapungua, na vilima vya Masisi vikainuka mbele yao, kimoja nyuma ya kingine, vikiwa na mashamba mpaka kileleni. Myriam alishtuka kuona ni kwao. Siku sita za miguu! Siku sita za tope na njaa, mama yake akimvuta mkono, nazo zilikuwa zimepita chini ya kiti chake kabla hajamaliza kusali mara kumi. Machozi yalimtoka bila kulia. Mungu ndiye anayeiona nchi namna hii kila siku, aliwaza, na bado anamjua kila mtu kwa jina.

"Watu," rubani alisema, akionyesha kwa kidole.

Kwenye mteremko, karibu na Mweso, vitu vidogo vyenye rangi vilikuwa vikitembea upesi shambani.

"Huwa hivyo kila tunapopita," rubani aliendelea. "Wanakimbia kuja kututazama. Tumezoea kuwapungia mkono."

Myriam aliyafasiri maneno hayo kwa Koloneli, neno kwa neno. Kisha akafanya jambo ambalo mfasiri hafanyi. Akasema la kwake.

"Jenerali, naomba tutue hapa."

Walitua kwenye uwanja wa shule wa kijiji kimoja juu ya kilima. Rubani alibaki kitini. Mapanga ya helikopta yaliposimama, kimya kilishuka, kimya cha namna ambayo Myriam aliijua. Hakukuwa na mtu. Jembe lililala katikati ya matuta ya maharage. Kandambili moja ya mtoto ilibaki njiani. Milango ilikuwa wazi, na mbele ya nyumba ya kwanza moto ulikuwa ukiwaka chini ya sufuria.

Jenerali alivua kofia. "Wako wapi?"

"Wamekimbia," Myriam alisema. "Hawakuwa wanakuja kuwatazama. Wanawakimbia."

Hapo ndipo walipomwona mwanamke mzee ameketi kizingitini, kitenge mabegani, mikono yote miwili ameiinua juu kama mtu anayejisalimisha. Jina lake lilikuwa Nyiramana. Aliwatazama wote watatu, akaanza na mwenye kofia mkononi.

"Kama mulikuja kuniua, mufanye mbio," alisema. "Kama hapana, muniondolee sombe ku moto. Iko inaungua."

Myriam alifasiri. Jenerali aliyeamuru maelfu ya watu akapiga magoti kwenye majivu, akavuta mikono ya koti lake kukinga vidole, na kuitua sufuria ile ya majani ya mihogo chini taratibu.

"Muulize kwa nini yeye hakukimbia."

"Miguu yangu iko mugonjwa," Nyiramana alijibu, akishusha mikono polepole. "Bengine bote balienda mu musitu. Jana balikimbia mara mbili. Juma lililopita, ku hospitali ya Mweso, mama moja alitoka mu kitanda na mutoto wa siku moja. Ndege ikipita, nani atajua iko ya rafiki ao ya adui? Inalia sauti moja."

"Mwambie vita vimekwisha," Jenerali alisema kwa sauti ndogo.

"Tulisikia. Lakini hakuna mutu aliambia miguu ya watu." Mzee alimgeukia Koloneli Nestor. "Na weye, Papa, uko wetu. Uliwaambia hawa nini kwa ajili yetu?"

Siku tatu Koloneli alikuwa amepigania anga, na hakuwa amewauliza wanaoishi chini ya anga hiyo hata neno moja. Alivua kofia naye.

"Mama anataka nini?" Jenerali aliuliza. "Tusipite?"

Nyiramana aliposikia swali hilo alistaajabu kama aliyeulizwa na mfalme. Alifikiri.

"Mupite," alisema. "Watoto wenu barudi ku ba mama zao. Lakini mutuambie mbele. Siku gani, saa gani. Na mupite mbali na wagonjwa."

Waliporudi ukumbini, Jenerali, aliyekwisha kumwomba mwanamke mzee ruhusa na kupewa, alivuta karatasi, akafuta "kuarifu" kwa mkono wake mwenyewe na kuandika "kuomba ruhusa". Koloneli Nestor, bila kuombwa, akaongeza kwamba jibu litatolewa kabla ya siku moja kwisha, na kwamba ruhusa haitanyimwa ndege inayorudisha askari nyumbani. Kisha wote wawili wakamgeukia Myriam ili awakumbushe maneno ya yule mzee, jinsi alivyoyasema. Hivyo mkataba wa nchi mbili ukapata kifungu cha saba: ndege zitaruka mchana tu, juu sana, mbali na hospitali, na siku na saa zitatangazwa kwa redio za wenyeji kwa Kiswahili na lugha za vilimani. Myriam alikisoma kwa lugha mbili. Wakasaini.

Ndege ya kwanza chini ya mkataba ilitangazwa kupita Jumanne saa nne asubuhi. Myriam aliomba ruhusa shuleni, akapanda pikipiki siku mbili hadi kilima kile. Watu walikuwa wamekusanyika uwanjani, mamia, wengine wakiwa wamefunga mizigo endapo redio imedanganya. Nyiramana alikuwa amebebwa na kiti chake. Mchungaji alisali. Kisha mvumo ukasikika kutoka magharibi.

Mama mmoja alishika mkono wa jirani, jirani akashika wa mwingine. Mvumo ukawa ngurumo, na ndege kubwa ya kijivu ikatokea juu kabisa, ikipita taratibu kwenye buluu, mbali na Mweso, kama ilivyoandikwa.

Myriam hakuiona. Yeye aliyejua siku na saa, aliyekifasiri kifungu kile neno kwa neno, alijikuta amelala kifudifudi kati ya matuta ya maharage, mikono kichwani, udongo mdomoni, wala hakukumbuka alivyokimbia.

Ngurumo ilipofifia aliinua uso. Wachache walikuwa wamekimbia kama yeye. Lakini wengine wote walikuwa bado wamesimama pale pale, nyuso juu, wameshikana mikono, wakiitazama ndege ikiwa nukta na kupotea.

"Dada Myriam," Nyiramana aliita kutoka kitini, akimnyooshea mkono. "Inuka. Ilipita."