Pakiti ya Kijani Nyuma ya Kompyuta

Diski ilikuwa feki. Hilo Mama Yueh-o hakuhitaji kuambiwa na mtu. Kompyuta yake kuukuu, iliyomchorea nakshi za mabendera ya mahekalu ya mji wa Tainan, Taiwan, miaka nenda miaka rudi, ilikimbia vizuri wiki ya kwanza baada ya Kuang-te kuitia diski mpya, halafu ikaanza kujikokota. Faili la nakshi ya joka moja tu, kulinakili kwenye flashi ili alipeleke kwenye cherehani ya kutarizi, unaweza kwenda kuchemsha chai, ukainywa, ukaosha na kikombe.

Na huyu Kuang-te ni nani? Ni fundi kompyuta, sawa, lakini zaidi ya hapo ni kijana aliyetaka kumuoa Wan-ju, binti pekee wa Mama Yueh-o. Jumapili wazazi wake walikuwa waje na keki za uchumba. Sasa mtu anayemtilia mama mkwe diski ya bandia kabla hata ya uchumba, akishaoa atafanya nini? Atauza nyumba!

"Ile diski umeitoa wapi?" alimuuliza kijana alipokuja Jumatano.

"Dukani kwetu, mama. Mpya, kwenye boksi lake. Naomba niitazame hapo inapokaa."

"Uitazame, au uibadilishe tena? Baki hapo hapo mlangoni."

Kuang-te akabaki amesimama, viatu mkononi, uso umemshuka.

"Mama, jamani!" Wan-ju akasema.

"Jamani nini? Mimi si mtoto wa jana."

Kesho yake akaikumbatia kompyuta hadi kwa Bi Chai, fundi wa mtaa wa pili, mwanamke mwenye ulimi mkali asiyemjua Kuang-te hata kwa sura. Bi Chai akaifungua, akasoma maandishi ya diski, akaifunga, akaipima kasi.

"Diski ni halali, mama. Tena inakimbia kama imeiba."

"Ipime tena."

Akaipima tena. "Nikiipima mara ya tatu itanishtaki. Nafasi imebaki tele, mipangilio iko sawa. Aliyekufungia anaijua kazi yake. Nyumbani unaiweka wapi?"

"Mezani. Kwani kompyuta huwekwa wapi, jikoni?"

Alitoka pale amenuna. Mafundi wote lao moja, alijiambia, wanafichiana siri. Akafika nyumbani, akaiweka mezani, kila kitu mahali pake kama kawaida, akaanza kuchora. Haukupita muda, joka likagoma kwenda. Aha! Kwa watu inajidai, kwake inamletea kiburi. Hapo akaona ushahidi umetimia: yule kijana ameipachika ujanja wake wa kifundi ambao hata Bi Chai hawezi kuuona.

"Wan-ju! Mpigie simu mwenzio. Mwambie wazazi wake wasije Jumapili."

Wan-ju alichukua simu, akaenda roshani, akafunga mlango nyuma yake.

Akabaki na kompyuta, na pakiti ya kijani. Hakuna kiwanda, benki wala hospitali ya maana pale mjini isiyoweka pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi kwenye mashine zake, ili zitulie zisilete ukorofi. Iwe ya kijani, isipitwe na tarehe, na asitokee mlafi akaifungua. Ikiliwa tu, mashine imekugeuka. Ya kwake ya zamani, ndogo, ilikuwa ikikaa juu ya kabati. Tarehe yake ilipoisha, wiki moja baada ya diski kufungwa, akanunua kubwa, na kwa kuwa hakumwamini Kuang-te, akaibana kabisa nyuma ya kompyuta, iiguse, ilinde vizuri.

Sasa akaiona imevimba. Akaigusa. Moto! Moto kama mkate wa mvuke unaotoka jikoni. Akaivuta pembeni, na hewa kali ikampiga kiganjani kutoka kwenye matundu ambayo kompyuta ilikuwa ikipumulia, yote aliyaziba kwa mkono wake mwenyewe. Akasubiri feni ipunguze kelele. Akalinakili lile joka. Likamaliza hata hajakaa vizuri kitini.

Lo! Akatazama mlango wa roshani. Hakuna aliyeona. Angeweza kuipandisha pakiti juu ya kabati, kimya, kijana akaenda zake na jina la utapeli, na Wan-ju akabaki nyumbani. Wazo hilo lilimpendeza, na kupendezwa kule kukamtisha. Siku zote hizi alikuwa akiogopa kula chakula cha jioni peke yake, bakuli moja mezani, na woga wake akaubandika jina la diski. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Akaufungua mlango. "Umeshamwambia?"

"Ndiyo kwanza amepokea, mama."

"Mwambie aje. Mwambie kompyuta niliiziba pumzi mwenyewe, yeye nimemsingizia."

Kuang-te alipofika alisimama palepale mlangoni, viatu mkononi, asithubutu kuvuka. Kuomba radhi si kazi aliyoizoea Mama Yueh-o. Akaichukua pakiti ya kijani, akaishika kwa mikono miwili, akaipasua.

Wan-ju akapiga ukelele. "Mama! Mashine itakugeuka!"

"Na igeuke." Akamsogezea kijana pakiti. "Ingia ule, mwanangu. Fundi si yupo nyumbani?"