Lete Hapa

Mtu amesoma miaka yote ile, anaijua milima ya dunia na mito yake, anashindwaje na wali? Nauliza tu. Wali si kitendawili. Ni mchele, maji, chumvi na mafuta kidogo, basi. Lakini mtoto wa mdogo wangu, ambaye chuo kimemleta mtaani kwetu kwa mazoezi ya kufundisha, akiingia jikoni kwangu hata paka anatoka.

Alipofika, nilimwachia apike nimwone. Ukatoka uji. Kesho yake zikatoka kokoto. Nikamuuliza amepikaje, akanijibu kwamba amefuata hatua. Anasimama mbele ya jiko la mkaa, mkono mmoja mgongoni, anajisemea kama yuko darasani: "Hatua ya kwanza, kuchagua mchele. Hatua ya pili, kuosha." Mimi niko barazani kwenye cherehani yangu, sare za watoto wa watu zimenijaa mezani, kola hazijageuzwa, vifungo havijashonwa, lakini sikio lote liko jikoni. Nikisikia maji yanamiminwa hayakomi, mguu unatoka kwenye pedali wenyewe. Naenda, nanyoosha mkono, namwambia, "Lete hapa." Ananipa mwiko, napika mwenyewe. Tunakula chakula cha watu, ananisifu, yamekwisha.

Tukaishi hivyo. Nilikuwa nanung'unika, ndiyo, mimi kunung'unika ni sawa na kupumua, lakini sikuona tatizo.

Tatizo lilikuja siku mkufunzi wa chuo alipomtembelea darasani kumkagua. Kijana alirudi akaketi kwenye kigoda bila kuvua viatu, shati bado limechomekewa, akawa anaangalia ukuta.

"Nimeanguka, Shangazi."

"Kwa kosa gani?"

"Amesema watoto wangu hawafanyi kitu. Kazi yote nafanya mimi."

"Sasa si ndiyo ualimu huo? Alitaka afanye nani, mlinzi?"

Hakucheka. Akanieleza kwamba ukaguzi umebaki mmoja tu. Akianguka na huo, chuo kinamtoa, na baba yake alishasema tangu mwanzo: "Ukishindwa, unarudi nyumbani kubeba mbao kwenye karakana yangu." Mdogo wangu huyo hakuutaka ualimu hata siku moja. Alimruhusu mtoto huku amekunja uso, akingoja ajikwae ili aseme "nilisema mimi." Na mtoto mwenyewe hakuingia ualimu kwa kukosa pa kwenda. Tangu hajang'oka meno ya utoto alikuwa anakusanya viatu vya nyumba nzima, anavipanga ukutani, anavifundisha kuhesabu. Vikikosea anavigeuza vitazame ukuta. Leo uniambie mtu huyo akabebe mbao? Roho iliniuma, sitaficha.

Jioni ile ile baba mtu akapiga simu. Kijana akapokea, akaanza, "Shikamoo baba. Leo yule mkufunzi..." Akakwama. Akaanza upya, akakwama palepale. Na mimi nikae nimtazame mtu anatafuta maneno kama anayetafuta sindano sakafuni? "Lete hapa," nikachukua simu. Nikamweleza mdogo wangu kwamba mkufunzi ni mtu wa roho mbaya na mtoto anafundisha vizuri mno. Akanisikiliza, akaguna.

"Dada, mbao zinamngoja."

Nikamkatia simu. Kijana akaniangalia kama anataka kusema jambo, halafu akaenda kulala.

Siku chache baadaye akaja mteja na binti yake kupimwa sketi ya shule. Binti wa maneno, wale wanaojibu kabla hujamaliza kuuliza. Nina pini mdomoni, futi kiunoni kwake, nikamuuliza anafundishwa na nani.

"Na Mwalimu Lete Hapa."

Mama yake akamfinya. Mimi nikazitoa pini mdomoni nisije nikazimeza.

"Jina gani hilo?"

"Tumempa sisi. Ukienda ubaoni, ukifikiri kidogo tu, anasema lete hapa, anachukua chaki, anaandika yeye. Ukisoma ukakwama, lete hapa, anachukua kitabu, anasoma yeye. Siku hizi tunakwama makusudi, tunapumzika."

Nilicheka mpaka machozi. Mteja naye akacheka kwa kunisindikiza. Walipoondoka nikarudi kwenye cherehani, nikiwa bado nacheka peke yangu, ndipo nikaona sijaandika kipimo hata kimoja. Kicheko kikakatika hapo. Yale maneno nayajua. Nayasikia kila siku, na siyo kutoka kwa mwalimu.

Haya, ningefanya nini? Nikasubiri arudi nimsute. Aliporudi nikamfuata jikoni, anapepea moto, mchele uko kwenye ungo. Nikachukua mwiko msumarini.

"Watoto wanakuita Mwalimu Lete Hapa, unajua?"

"Najua, Shangazi."

"Unajua, na unaendelea. Tabia ya kumpokonya mtu kitu mkononi umeitoa wapi wewe?"

Ana heshima zake, mama yake amemlea. Aliinamisha macho tu, yakatua kwenye mwiko niliokuwa nimeushika. Na mimi nikautazama. Tukawa tunautazama wote wawili, mwiko wa watu hauna habari.

"Mchele haujapepetwa vizuri huo," nikasema. Nikautundika mwiko nikaondoka. Tulikula kokoto usiku ule, na kila punje niliyotafuna nilimlaumu mtu mwingine. Nililaumu chuo. Nikamlaumu mdogo wangu. Nikawalaumu hata wale mafundi wanafunzi waliowahi kuja kujifunza kwangu, wakashika mkasi siku mbili tatu, kisha wakapotea. Siku zote nilisema vijana wa leo hawana subira.

Habari ikaja kwamba mkufunzi anarudi Alhamisi. Nikadhani kijana atatafuta somo analolimudu, hesabu au zile ramani zake. Akaniambia atafundisha stadi za kazi, mada ya chakula rahisi. Watoto watapika wali.

Niliacha kushona. "Wali? Wewe? Sikio la kufa kweli halisikii dawa. Unakwenda kukaguliwa kwa kitu usichokijua?"

"Ndiyo maana, Shangazi. Kitu ninachokijua, mtoto akichelewa mikono inaniwasha. Wali siujui. Nitanyang'anya mwiko niufanyie nini?"

Nilitaka kumwambia huo ni wazimu, ila sikupata pa kuushika. Akaniomba jiko, sufuria kubwa na mwiko. Nikamwambia jiko langu haliendi mahali bila mimi. Akafikiri, akasema sawa, lakini niahidi kitu kimoja, nisiseme neno.

"Mimi nina neno gani?" nikamuuliza.

Alhamisi tukalitua jiko kwenye kibaraza nyuma ya darasa, watoto wamelizunguka. Mkufunzi alikuwa mtu mzima mwenye kitambi cha wastani na miwani inayoteleza puani. Ameketi kwenye dawati lililotolewa nje, magoti yamemfika kifuani. Alinisalimia kisha akaniuliza mimi ni nani. Nikamjibu mimi ni mwenye sufuria, nikaenda kukaa kwenye benchi la nyuma, mikono mapajani.

Nisiwafiche, ile ilikuwa adhabu. Kijana aliuliza maji yawe kiasi gani, halafu akanyamaza. Akanyamaza kweli kweli. Watoto wakatazamana, wakangoja aseme "lete hapa" wapumzike. Hakusema. Mikono yake ameifungia mgongoni, vidole vimebanana mpaka vimepauka. Kimya kikawa kirefu hata mkufunzi akapandisha miwani. Mwishowe yule binti wa sketi akasema maji yapite mchele kwa urefu wa kidole. Mwingine akauliza kidole cha nani, chako au cha mwalimu. Wakabishana. Wakapima vidole. Mimi nyuma pale najua jibu, nimelimeza.

Wakatia chumvi, mmoja akatia na mwingine akatia kwa kuwa hakumwona wa kwanza. Wakafunika. Mtoto akafunua kuchungulia. Wakafunika. Mwingine naye akafunua. Kila kifuniko kilipoinuliwa nilihisi presha yangu inainuka nacho. Moto walikuwa wameuchochea kama wanayeyusha chuma, makaa mekundu, na maji yakakauka juu wakati mchele bado una viini. Kisha nikaisikia ile harufu, nyembamba, inatoka chini.

Nikamtazama kijana. Ameisikia pia, nilimwona pua ikicheza. Hakusogea. Nikamtazama mkufunzi, naye anaandika. Nikaziona mbao. Nikamwona mtoto wetu begani ana mbao, baba yake anampigia kelele, yote hayo kwa ajili ya sufuria moja ambayo mimi ningeiokoa kwa kufumba na kufumbua. Sikumbuki kuinuka. Nilijikuta katikati ya watoto, mkono nimeunyoosha kwa binti mwenye mwiko.

"Lete hapa," nikasema.

Darasa zima likaangua kicheko. Si cha kunidharau, hapana, kilikuwa cha mtu aliyetafuta kitu nyumba nzima akakikuta mlangoni. Walinitazama mimi, wakamtazama mwalimu wao, wakanitazama tena. Mkufunzi akaacha kuandika. Uso wangu ulikuwa wa moto kuliko lile jiko, na mkono bado uko hewani, sijui niurudishe vipi.

Kijana hakucheka. Akaja karibu, akaniambia taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kaa kidogo, Shangazi. Wapishi ni hawa."

Nikarudi kwenye benchi. Nikaikalia mikono yangu, nawaambia ukweli, niliikalia kama mtoto.

"Mnasikia nini?" akawauliza watoto.

"Inaungua, mwalimu."

"Sasa?"

Akangoja. Mmoja akasema waongeze maji, mwingine akasema maji yatafanya uji, kwao ilishawahi kutokea. Mtoto mmoja mpole, ambaye muda wote alikuwa nyuma ya wenzake, akasema kwa sauti ndogo kwamba moto uko upande mbaya. Unaounguza uko chini, wakati mchele mbichi uko juu. Wenzake wakamgeukia. Binti akampa mwiko bila kuombwa. Wakaepua sufuria, wakapunguza makaa, wakanyunyiza maji kidogo, wakairudisha na kuyapalia makaa mengine juu ya kifuniko. Nilitazama mdomo wazi. Ndivyo ningefanya mimi.

Wali ulipoiva haukuwa wali wa kumpa mgeni, nisiseme uongo. Chumvi kali, katikati punje ngumu, chini ukoko mweusi. Mkufunzi akala. Kila alichouliza, kwa nini chumvi, kwa nini ukoko, watoto walimjibu wanarukiana, wanakosoana, mpaka akawa anawaomba waseme mmoja mmoja. Mwalimu wao alisimama pembeni, hakuna aliyemwangalia. Mwisho mkufunzi akakwangua ukoko, akautafuna huku akiinuka dawatini, magoti yanamlia.

"Safari iliyopita nilikusikia wewe," akamwambia kijana. "Leo nimewasikia hawa. Umepita." Kisha akanigeukia mimi. "Mwenye sufuria, pole."

Sijui alinipa pole ya sufuria au ya nini. Nilimwitikia tu.

Jioni kijana akapika. Mimi nikabaki barazani, nikaishindilia pedali cherehani ilie nisisikie maji yanamiminwa kiasi gani. Nilishona mfuko wa shati juu chini, ikabidi niufumue. Alipoleta sahani nikaonja. Haukuwa uji, hazikuwa kokoto, lakini chumvi ya darasani alikuja nayo mpaka nyumbani. Nikafungua mdomo, nikaujaza wali.

Simu ikaita. Baba yake. Kijana akaitazama ile simu inavyotetemeka juu ya meza, kati ya kola zangu, akaniangalia, akaichukua na kuninyooshea. Alinyoosha tu, kwa mazoea, kama ninavyonyoosha mimi mkono.

"Ongea mwenyewe," nikamwambia.

Akapokea. "Shikamoo baba." Akakwama palepale anapokwamaga. Nikasikia upande wa pili mdogo wangu anaita, halo, halo, mbona kimya. Maneno yote nilikuwa nayo tayari, yamepangwa, matamu. Nikaishika sahani yangu kwa mikono miwili.

"Baba," akasema, "nimepita. Mimi ni mwalimu."

Sauti ya upande wa pili ikashuka, sikusikia alichojibiwa. Nilimwona tu kijana akikaa kigodani polepole, anasikiliza, anaitikia ndiyo baba, ndiyo, na safari hii viatu alikuwa amevua. Mimi nikaendelea na wali wangu. Chumvi ilikuwa kali haswa. Nikaumaliza.