Kopo la Rangi ya Mwili
Msusi aliuweka mguu wa bandia mezani, akausukuma kwa kidole kimoja kama anayerudisha samaki aliyeoza.

"Huu si wangu. Huu ni wa shangazi yake mtu mwingine."

Karakana nzima ya viungo bandia iligeuka kutazama, hata mashine ya kusaga plastiki ikazimwa. Mama Kipimo, aliyepachikwa jina hilo kwa utepe wa kupimia usiomtoka shingoni, alisogea mezani. Usimamizi alikuwa amepewa juma lililopita tu, na huu ulikuwa mguu wa pili kurudishwa na mteja huyuhuyu.

"Unakubana, mwanangu?"

"Haubani. Ngazi napanda nao. Lakini utazame, mama, kisha unitazame mimi."

Mama Kipimo akatazama. Mguu ulikuwa rangi ya chai ya maziwa. Msusi alikuwa mweusi wa kung'aa, mweusi tititi, hadi hereni zake za shaba zilionekana kama zimewashwa.

"Jumamosi nafungua saluni yangu," msusi akaendelea. "Gauni nimeshashona, linaishia magotini. Mkiniletea chai tena, nitavaa sketi ya kuburuza, na mguu wenu nitawaachia mzuilie nao mlango."

Nyuma ya meza, fundi rangi alikuwa amesimama, masikio mekundu. Mle ndani yeye ndiye mzungu pekee. Alizaliwa mbali, akaoa hapa, na utani wa hapa aliuweza kuliko wengine. Lakini mbele yake hakuna aliyetamka neno "mweusi," wala "mweupe." Watu walisema "rangi ya kawaida" na "ile nyingine," wakitazama pembeni. Na juu ya rafu lilikaa kopo la rangi hiyohiyo ya chai, limeandikwa kwa herufi kubwa: RANGI YA MWILI.

Mwili wa nani? Miaka yote Mama Kipimo alipita chini ya kopo lile, na leo tu ndipo alipojiuliza.

Msimamizi aliyemtangulia angesema "tutarekebisha," kisha angekwenda zake. Neno hilo lilishafika ulimini. Akalimeza.

"Fundi, njoo ukae hapa. Nawe, mwanangu, usiondoke." Akavuta pumzi. "Huyu mteja ni mweusi."

Neno lilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Mtu wa mashine akaangusha bisibisi.

"Yeye ni mweusi, mimi ni mweusi, wewe ni mweupe. Haya, nimesema, na dari haijatuangukia. Sasa niambie, kwa nini mguu wake kila mara unatoka umepauka?"

Fundi alikuja, akaketi.

"Mara ya kwanza niliichanganya rangi yake sawasawa. Kisha nikaogopa. Nikasema, mimi na ngozi yangu hii nikimpa mguu mweusi hivyo, ataona namtukana. Nikaongeza nyeupe kidogo. Kwa heshima."

"Kwa heshima!" Msusi akashika kiuno. "Na mara ya pili?"

"Mara ya pili ulikuja umekasirika. Nikaongeza heshima."

Kicheko kililipuka. Msusi mwenyewe alijizuia, akashindwa, akacheka hadi akashika meza. Kisha akafuta macho.

"Tangu utoto watu wananiongezea nyeupe, baba. Picha ya shule wakanipaka poda, picha ya kitambulisho wakanipausha. Hakuna aliyeniuliza. Mguu wangu umekwenda na ajali. Rangi yangu nayo iende?"

"Hapana," fundi akasema polepole. "Nisamehe. Ningekuuliza." Akamgeukia Mama Kipimo. "Na mimi nina langu. Nisipokuwepo, mnaniitaje?"

Kila mtu akapata kazi ya haraka mikononi. Mama Kipimo alijua angeweza kudanganya. Lakini akidanganya sasa, nani atamwamini kesho?

"Chokaa," akasema.

"Najua. Mke wangu aliniambia. Nilikuwa nangoja mtu aniambie usoni." Akatabasamu, ila sauti ilikuwa kavu. "Chokaa ni ya kuta. Mimi niiteni Fundi, mbele na nyuma."

"Umesikika, Fundi. Nani hajasikia?"

Wote walikuwa wamesikia.

Basi kazi ikaanza! Msusi aliketi kwenye kigoda, akanyoosha mguu wake mzima, na mafundi wakamzunguka kama washabiki wa mpira.

"Ongeza nyeusi," msusi akaamuru.

"Hivi?"

"Acha kudonadona, bwana, mimina!"

"Hapo rangi imekuwa ya matofali!" mtu wa mashine akadakia.

"Basi tone la bluu," Fundi akasema. Akachovya brashi, akapaka doa dogo juu ya muundi wa msusi.

Wakainama wote. Doa halikuonekana.

"Limepotea!" msusi akapiga kelele. "Jamani, limepotea! Liko wapi?"

Mama Kipimo alijikuta anapiga makofi kama mtoto. Akalishusha lile kopo rafuni, akachukua kalamu nene, na chini ya RANGI YA MWILI akaandika: WA NANI? ULIZA.

Jumamosi msusi aliketi mlangoni pa saluni yake, gauni magotini, miguu imepishana. Karakana yote ilikuwepo.

"Haya, upi wa Fundi?" akamuuliza mteja wake wa kwanza.

Mteja akainama, akakodoa macho, akaugusa mmoja kwa ujasiri.

"We! Unanitekenya!" msusi akaruka, na Fundi ndiye aliyecheka kuliko wote.