Mistari ya Masalu

Mume wangu Masalu alirudi kutoka Mwanza na mistari minne. Sitanii. Mwekundu, mweupe, mweusi, halafu mwekundu tena, imelala kwenye turubai lenye ukubwa wa mlango, na zaidi ya hapo hakuna kitu. Hakuna ng'ombe, hakuna mlima, hakuna hata kuku. Niliigeuza nyuma nikiitafuta picha yenyewe.

"Mama Nelly, hiyo ni sanaa ya kisasa," akaniambia. "Si kila mtu anaielewa."

"Wewe umeielewa?"

Akakohoa. Masalu ana karasha mbili za kusaga mawe ya dhahabu huku kwetu, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, na tangu apate ya pili huwa anakohoa badala ya kujibu. Picha ya namna hiyo alikuwa ameiona sebuleni kwa tajiri mmoja huko Mwanza, wageni wameshika glasi, wanaitazama na kutikisa vichwa. Naye akatikisa chake. Kesho yake akamtafuta mchoraji.

Mchoraji alimpa na karatasi ya maelekezo. Isiguswe kwa mkono. Isipigwe na jua. Isitundikwe karibu na picha nyingine yoyote. Itazamwe kwa utulivu, bila mazungumzo. Masalu, ambaye hajawahi kusoma maelekezo hata ya dawa ya mbuzi, haya aliyashika kama amri za Mungu. Picha yetu ya ndoa ikashuka. Kalenda ya parokia ikashuka. Moyo Mtakatifu wa Yesu, niliopewa na marehemu mama yangu, ukapelekwa stoo kwenye magunia ya mpunga. Mapazia yakafungwa mchana kutwa. Na kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, mtu mzima na ndevu zake aliketi mbele ya mistari robo saa, mikono magotini, kimya. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Wakati huo binti yetu Nelly alikuwa na mchumba, mwalimu Magesa, kijana mpole wa Mhunze, kule Kishapu. Walikuwa wamependana miaka mitatu bila kelele, na sasa ndugu zake walikuwa wanakuja kuposa. Nilichinja kuku sita. Nikamwomba Masalu alishushe lile dude kwa siku moja tu.

"Ndiyo siku yenyewe ya kuionyesha," akasema.

Walifika saa tano, wazee watatu na shangazi wa Magesa, wakiongozwa na mshenga wao, mzee Ngusa. "Mwadila." "Mwadila," tukasalimiana. Wakaingia kwenye lile giza la mapazia. Mzee Ngusa alikuwa anatafuta mahali pa kuweka kofia yake, akainua macho, akaona. Kofia akabaki nayo mkononi.

Hapa kwetu kila mtu anazijua rangi hizo tatu. Ni za vitambaa vya mganga. Na kila mtu anaijua ndagu, dawa ya utajiri isiyokosa masharti, na sharti kubwa siku zote ni kumtoa kafara mtu wa nyumbani mwako. Hata mimi nilijua. Ila nilikuwa nimezoea kumcheka Masalu kiasi kwamba sikuona walichokiona wao.

Shangazi akanyoosha mkono kujishikiza ukutani ili aketi.

"Usiguse!" Masalu akaruka.

Shangazi akaurudisha mkono kama aliyeungua.

"Ina masharti?" akauliza mzee Ngusa, taratibu.

"Tena makali!" Masalu kifua mbele. Akayataja yote: mkono, jua, kimya cha asubuhi. Akaeleza na jinsi ilivyobidi Yesu aondoke ukutani.

"Na tangu uilete, kazi zinakwendaje?"

"Mwezi ujao nafunga karasha ya tatu."

Mzee akaitazama mistari, kisha akamtazama Nelly, aliyekuwa amepiga magoti akimnawisha shangazi.

"Inakula nini?"

Masalu, mpumbavu wa watu, alidhani anataniwa. "Hii, mzee wangu," akasema huku akicheka, "hii inaweza kutumaliza nyumba nzima!"

Hakuna aliyegusa chakula. "Wabeja, Mama Nelly, tumeshiba," wakashukuru watu waliokuwa safarini tangu alfajiri. Nikaanza kueleza kwamba ni rangi tu, kwamba kuna mchoraji, kwamba yuko Mwanza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana ni mshirika. Baada ya siku tatu Magesa akapiga simu, analia. Yeye haamini mambo hayo, akasema, lakini mama yake amegoma kula mpaka amwache Nelly.

Nelly si mtu wa kuombaomba. Siku hiyo alipiga magoti mbele ya baba yake. "Baba, ishushe. Tuichome mzee Ngusa akiona, yaishe."

Masalu akakubali. Nasema ukweli, alikubali, hadi ngazi akaileta. Lakini habari zilikuwa zimeshafika kwenye mashimo. Jioni ile wakaja wachimbaji wawili na mzigo wao wa mawe. Wakaomba, kwa heshima zote, wakae mbele ya picha kidogo kabla ya kusaga. Kesho yake wakaja tisa. Waliokuwa wanasaga kwa jirani wakahamia kwetu, maana kwa mwenye ndagu bahati humwagika hata kwa wateja. Nikamtazama Masalu. Alikohoa. Ngazi ikarudi stoo.

"Subiri kidogo, mwanangu," akamwambia Nelly. "Mwezi huu kuna watu wanakuja."

Mwezi huo ukaisha, na mwingine, na mwingine. Jumamosi iliyopita Magesa alioa mwingine, hukohuko Mhunze. Nelly alishinda jikoni. Sebuleni wanaume walikuwa wamevua viatu mlangoni, wanaitazama mistari kimya, na Masalu katikati yao, mikono magotini. Miaka yote nimemdharau mume wangu kwa ujinga tu. Siku hiyo nilimchukia.

Nikapita na trei ya chai. Mchimbaji mmoja, mgeni kabisa, akaninong'oneza kwa adabu:

"Shikamoo, mama. Eti hii inakula nini?"

"Marahaba. Binti yangu," nikamjibu, kwa sauti ya kumfikia Masalu. "Yuko jikoni, anaosha vyombo."